Gari la Maiti Halikuzimika

Gari halikuzimika. Nilikuwa ndani yake, kiti cha mbele kando ya dereva, mkoba wangu mweusi magotini, kwa hiyo ninayo haki ya kusema. Wanaosimulia kwenye foleni ya duka la dawa kwamba gari lililombeba marehemu mume wangu lilizima lenyewe penye bomba la mawe, lile la maji njiani kwenda makaburini, palepale lilipozima likiwa na maiti ya Daktari Velichkov, eti kwa sababu pampu yake ilitengenezwa na huyohuyo aliyelala nyuma, hawakuwamo. Walikuwa wakitembea nyuma yetu, wengi wao wakizungumzia miche yao ya pilipili.

Wapo pia wanaosema kwamba yale matangazo ya kifo ya mpaka mweusi mume wangu Evstati aliyabandika akiwa amelewa. Wengine wanasema aliyabandika Rangel, dereva wa gari la maiti, kwa chuki. Nimefundisha kemia katika sekondari ya mji wetu wa Vranitsa mpaka nilipostaafu, na nusu ya wanaosema hayo walipita mikononi mwangu. Nakumbuka walivyokuwa wakinakiliana majibu bila kuelewa swali. Hawajaacha.

Kimya changu wamekigeuza ushahidi, ndiyo maana naandika. Nitaeleza mara moja tu.

Evstati Dragolov alikuwa fundi wa kitu kimoja. Hakutengeneza magari, wala hakupenda kuendesha. Alichotengeneza ni kile kisanduku bapa cha alumini kinachokaa mgongoni mwa pampu ya dizeli na kuiamuru imwage mafuta kiasi gani, na lini. Kisanduku hicho hupozwa na dizeli ileile inayopita chini yake. Dizeli ikipungua, kinachemka, na ndani yake transista inaungua au waya mwembamba unakatika. Gari linazima barabarani likiwa limepata moto. Likipoa linawaka tena kana kwamba halikufanya kitu. Mafundi wengi humwambia mwenye gari anunue pampu nyingine. Evstati alikuwa akikata kifuniko, anaondoa ile jeli angavu iliyofunika sakiti, anashusha jicho kwenye hadubini na kuunga upya. Akishamaliza alimimina jeli mpya, akaiacha igande kwa joto la polepole, ndipo akaziba.

Ufundi wa mikono aliupata katika kiwanda cha serikali kilichotengeneza vipuri vya kompyuta, mpaka kilipofungwa. Hadubini aliinunua kwenye mnada, mbele ya watu, na waliosema vinginevyo nao walikuwapo wakinunua viti. Karakana aliiweka katika chumba chetu cha kupikia cha kiangazi, uani, chini ya mzabibu. Jiko langu la zamani la umeme lilibaki humo kwa sababu lilikuwa zito kulitoa, naye akaona linamfaa kugandishia jeli.

Watu walimletea pampu kutoka mbali, hata kutoka ng'ambo ya Danubi, zimefungwa kwa mataulo. Kibao chake kilikuwa kidogo: Dragolov, pampu. Babu yake alitengeneza saa, baba yake redio. Ukoo ule haukuwa na mali. Ulikuwa na jina, na mimi niliolewa kwenye jina hilo nikijua ninachoolewa nacho.

Sasa kuhusu kosa.

Pampu mbili hazifanani, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Kila kisanduku kimewekewa hesabu za pampu yake moja tu. Ukikipandisha mgongoni mwa pampu nyingine, injini itawaka, itanguruma, itakupa moyo, lakini itapewa mafuta yasiyo yake. Evstati alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na kwa sababu hiyo alikuwa na sheria: pampu moja mezani, nyingine zisubiri chini ya kitambaa. Nilikuwa nikimtania kwamba hata mapadri wetu hawashiki sheria zao namna ile.

Wiki ile ya majira ya kupukutika majani, magari mawili yaliingia uani kwetu pamoja. Moja lilikuwa la Parvan, mwoka mikate wa mtaa wa chini. La pili lilikuwa gari la maiti la mji, likiendeshwa na Rangel. Yote mawili yalikuwa vani za mtumba kutoka Ujerumani, za aina moja. Moja limebaki jeupe, jingine limepigwa rangi nyeusi. Nilikuwa nikianika mataulo, nikawasikia.

"Fundi, mimi kwanza," Parvan alisema. "Kula watu wanakula kila siku. Kufa mtu anakufa mara moja."

"Wateja wako wakingoja wanakasirika tu," Rangel akamjibu. "Wangu wakingoja wananuka."

"Wako hawalalamiki, bwana."

"Hawalalamiki, lakini ndugu zao wana midomo. Fundi, msikilize huyu, ana unga mpaka kwenye ubongo."

Evstati alikuwa ameshafungua boneti. Alicheka kile kicheko chake cha puani. "Nendeni nyumbani nyote wawili. Nitazifanya pamoja."

Rangel nimweleze, maana si mtu wa kupitiwa hivi hivi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye masharubu ya kijivu, na aliendesha lile gari kana kwamba amebeba mayai. Alilipasha moto kabla ya kila mazishi, akalifuta, akafunga taulo jeupe la wafiwa kwenye kioo cha pembeni kwa fundo lake mwenyewe. Makaburi yetu yako juu, na mlima ule gari hupanda kwa mwendo wa wazee wanaotembea. Rangel alijivunia kwamba mikononi mwake msafara haukuwahi kusimama. Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Wanasema msafara ukisimama njiani, marehemu anamngoja mwenzake afe amfuate.

Evstati akafungua visanduku vyote viwili, akaunga vyote viwili, akamimina jeli, akaviweka kwenye trei moja ya kuokea, cha Parvan kushoto na cha Rangel kulia, akaviingiza ndani ya jiko langu la zamani. Kisha akavitoa, akaziba, akapandisha kila kisanduku kwenye pampu yake, au ndivyo alivyodhani. Magari yote mawili yaliwaka. Aliyasikiliza uani, akayazungusha uwanja wa mpira ulio tambarare kama meza. Yalikwenda vizuri. Yakaondoka.

Muda si mrefu akafa Daktari Velichkov.

Nani Vranitsa hakuzaliwa mikononi mwa Daktari Velichkov, au hakushonwa naye? Mji mzima ulitoka. Shule ilifungwa, bendi ya matarumbeta ikatembea mbele. Nyumbani kwa marehemu walimpa kila mtu kikombe kidogo cha rakia, pombe kali ya matunda, amwage tone chini, aseme Mungu amsamehe, anywe. Rangel naye alipewa. Kukataa kinywaji cha marehemu ni kumtukana, na hakuna aliyekataa, hata padri.

Penye bomba la mawe, mlima unapokuwa mkali, gari likakohoa, likazima. Halikutoa moshi, halikutoa kelele, lilinyamaza tu. Rangel alizungusha ufunguo, likawaka, likaenda hatua chache, likazima tena. Lilirudi nyuma kidogo kabla breki haijashika, na jeneza likateleza likagonga mlango wa nyuma. Mlio ule tuliusikia sote. Mke wa daktari aliketi chini barabarani. Wanaume wakavua makoti, wakalisukuma gari mpaka langoni mwa makaburi, wakitweta, na bendi haikujua ipige au isipige.

Sisi tulikuwa upande wa kulia, mimi na Evstati. Alikuwa miongoni mwa waliosukuma.

Gari lilipelekwa kwenye gereji ya mji. Likawaka mara ya kwanza. Wakaliendesha barabara kuu, likaenda kama mpya. Mtu akakumbuka kwamba dereva alinuka rakia. Wa pili akasema alimwona akibadilisha gia vibaya. Wa tatu alikuwa ameona mikono ikitetemeka. Bibi mmoja mzee wa mtaa wa juu alipofariki baada ya hapo, mwanamke aliyekuwa kitandani tangu masika, wakasema ndiye aliyengojwa, na Rangel ndiye aliyemsimamishia daktari ili amngoje. Wakamwondoa kazini.

"Ungesema nini, Evstati?" nilimuuliza mezani. "Linaweza kuwa kisanduku?"

"Nimekiunga kwa mkono wangu," alisema. "Kimewaka vizuri. Wameliendesha, limekwenda."

Alisema kweli kama alivyoijua siku hiyo. Hilo naliweka wazi. Siku hiyo hakuwa na aibu yoyote.

Parvan ndiye aliyekuja na aibu yetu, bila kujua, akiwa amekunja mikono na uso umejaa unga.

"Fundi, umenifanyia nini? Gari linatoa moshi mweusi kama treni ya vita. Wateja wananiuliza kama siku hizi nauza mkate wa kukaushwa kwa moshi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolishika. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima yako. Sasa mke wangu amenifukuza na nguo zangu."

Evstati alichukua kile kifaa chake cha kusomea, akakiunganisha. Nilikuwa nikiwaletea kahawa. Kisanduku kinapoulizwa hutaja namba ya pampu iliyo yake. Evstati akaisoma namba kwenye kioo, akainama na tochi, akaisoma namba iliyopigwa kwenye chuma cha pampu. Kisha akaisoma tena ya kwenye kioo. Alichukua kahawa kwenye sinia yangu, akaishika bila kunywa.

"Niachie gari, Parvan," alisema. "Kesho utalichukua. Kosa ni langu."

Parvan alipoondoka, Evstati akakaa kwenye kigoda mbele ya jiko.

"Nevena, ukioka banitsa, unazungusha trei?"

"Nazungusha. Jiko hilo linaunguza nyuma, tangu mwaka tulionunua. Wewe mwenyewe ndiye unayenizungushia kila Krismasi."

"Na mimi niliizungusha," alisema.

Hakuhitaji kuendelea. Aliona jeli ya upande wa nyuma inataka kuwahi kuganda, na mkono wake, uliozoea miaka yote kuzungusha banitsa yangu, ule mkate wa tabaka wenye jibini, ili iive sawasawa, ukaigeuza trei. Cha kushoto kikawa kulia. Kisanduku cha mwoka mikate kikaenda kwenye gari la maiti, cha gari la maiti kikaenda kwenye mikate. Gari moja likamwagiwa mafuta kupita kiasi, likatoa moshi. La pili likanyimwa. Kwenye tambarare halikujali, ila mlimani, kwa mwendo wa miguu na mzigo nyuma, likaishiwa nguvu. Rangel hakukosea kitu chochote.

Kosa la trei silionei haya. Mtu anayefanya kazi kwa mikono atakosea kwa mikono. Ninachokionea haya ni kilichofuata, na ndicho ambacho uvumi haujui, kwa hiyo nimeamua kukisema mwenyewe kabla hawajakitungia jina.

Evstati alipiga simu ofisi ya mji, akasema anataka kulikagua gari la maiti bure, kwa heshima ya daktari. Wakalileta. Akabadilisha visanduku, kila kimoja kikarudi kwenye pampu yake. Akafunga boneti, akanawa mikono. Hakusema neno kwa mtu. Nyumba yetu ilinyamaza. Alikuwa na mpango, aliniambia: gari likishapona, watu watasahau, na kaka yake Naum, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa na mwenye kusikilizwa, atamwombea Rangel arudishwe polepole. Jina la ukoo halitaguswa, na Rangel naye atapona.

Kilichotokea ni kinyume. Gari lilipewa dereva mpya, kijana mnene aliyevuta sigara ndani yake, na likapanda mlima kama mbuzi. Maziko ya kwanza likapanda, maziko ya pili likapanda. Mji mzima ukashusha pumzi na kusema: mnaona? Kosa lilikuwa la mtu, si la mashine. Kabla ya hapo walimshuku Rangel. Baada ya ukarabati wa mume wangu wakawa na hakika. Tulimzika mara ya pili, kwa bisibisi.

Rangel aliacha kukaa kwenye mkahawa. Mke wake alianza kununua mahitaji katika kijiji cha jirani. Watoto waliokuwa wakipita dirishani kwake walifanya mlio wa injini inayozima. Evstati aliyasikia hayo yote akiwa na jicho kwenye hadubini. Akaanza kuharibu kazi. Alivunja waya, akavunja tena. Jumapili moja akaniambia nioke banitsa, tuende kwa Rangel.

Tulipokelewa jikoni. Mke wa Rangel hakukaa. Evstati alieleza yote: visanduku viwili, trei, jiko, namba zilizopishana, hata kule kuvirudisha kimya kimya. Hakupunguza. Nilimtazama nikatamani apunguze. Rangel alimsikiliza huku akizungusha kikombe kitupu mezani. Kisha akaitazama sahani niliyoileta.

"Na hii mliizungusha?" aliuliza.

Akaisukuma kando kwa kidole.

"Nimekuja kuomba radhi, Rangel," Evstati alisema.

"Umekuja jikoni kwangu."

"Ndiyo."

"Mimi waliniita mlevi barabarani, Fundi. Mbele ya bendi. Mbele ya mjane wa watu. Hapa jikoni hakuna aliyeniita mlevi. Hapa hata mke wangu anajua sikulewa." Akainuka, akafungua mlango. "Mwalimu, sahani yako usiisahau."

Nilibeba banitsa yangu mtaa mzima, ikiwa bado moto, na kila dirisha likaona kwamba imerudishwa. Hilo lilinichoma kuliko ninavyopenda kukiri. Evstati alitembea mbele yangu, akisimama kwenye kila nguzo. Nilidhani anapumzika. Alikuwa akisoma matangazo ya vifo. Hapa kwetu yako kila mahali, milangoni, kwenye vituo vya basi, juu ya miti: picha ya marehemu, mpaka mweusi, maneno machache, majina ya wenye majonzi.

"Barabarani," alisema. "Ana haki."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye ofisi ya mazishi ambako huchapwa matangazo hayo, amevaa tai. Yule dada wa pale, niliyemfundisha, alinisimulia baadaye. Alimuuliza, kama anavyomuuliza kila mtu, marehemu ni nani.

"Mimi," Evstati akasema.

"Fundi, acha utani, nina watu wanasubiri."

"Na mimi ni mmoja wao. Picha hii hapa. Tai iko sawa?"

Maneno aliyaandika nyumbani, juu ya meza yangu, na mimi niliyasoma kabla hayajakwenda kuchapwa. Wanaosema sikujua wanakosea. Nilisahihisha mahali pawili. Kama jina letu lingetundikwa kwenye nguzo, lisingetundikwa na makosa. Yalisomeka hivi:

Kwa masikitiko makubwa, tunawatangazia ndugu, jamaa na majirani kwamba jina jema la Evstati Dragolov, fundi wa pampu, halipo tena. Siku ya maziko ya Daktari Velichkov gari lilisimama mlimani kwa kosa langu. Nilibadilisha visanduku vya magari mawili bila kujua. Nilipojua, nilivirudisha kimya kimya, nikamwacha Rangel abebe lawama. Hakulewa. Hakukosea gia. Mwenye majonzi: mimi mwenyewe.

Aliyabandika mchana kweupe, siku ya soko, na ndoo ya gundi mkononi. Hakuwa ameonja hata tone. Alianzia kwenye nyumba ya marehemu daktari, akashuka mtaa mkuu, akamalizia kwenye bomba la mawe.

Siku iliyofuata nilikwenda sokoni kama kawaida. Nilivaa kofia yangu ya kijivu. Kila nguzo, uso wa mume wangu. Mlango wa posta, mume wangu. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote na sikujua kwamba shingo ya mtu inaweza kuwa nzito namna ile. Muuza kabichi mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, aliuma mdomo ili asicheke.

"Pole kwa msiba, Mwalimu."

"Asante," nilimwambia. "Marehemu ameagiza kabichi mbili, na usimpe zilizooza kama za wiki jana."

Naum alifika kabla sijavua kofia. Alikuwa ameshika karatasi zilizochanika, gundi ikimchuruzika kwenye mkono wa koti.

"Shemeji, umemruhusu? Mtoto wa Dragolov kwenye nguzo, katikati ya kikongwe wa watu na paka aliyepotea? Baba yetu angesema nini?"

"Mwulize mdogo wako, yuko uani."

Akatoka uani. Nilisikia yote, hakuna ambaye hakusikia.

"Umetuua, Evstati. Una mpwa anayetaka kuoa. Mimi nasimama mbele ya kanisa kila Jumapili. Ungenong'ona kwa watu wachache, ingetosha."

"Nilinong'ona jikoni. Haikutosha."

"Nitayachana yote."

"Chana, kaka. Niliomba wachape mengi."

Naum aliyachana kweli, na Evstati aliyabandika tena, na hivyo ndivyo ndugu wawili wa ukoo wenye heshima walivyofukuzana mjini na ndoo ya gundi mpaka mvua ya baridi ikawasimamisha. Lililobaki ni moja, lile Evstati aliloliweka nyuma ya kioo kwenye mlango wa karakana, chini ya kibao. Kila aliyeleta pampu alilisoma kabla ya kubisha. Wapo waliogeuka wakarudi na pampu zao. Parvan alilisoma, akakohoa, akasema picha haijamtendea haki, kisha akaweka mkate mezani.

Rangel alirudishwa kazini. Yule kijana mnene alikuwa amekwisha kupitiwa na usingizi nje ya kanisa, kwa hiyo siwezi kusema ni tangazo peke yake lililomrudisha, na sitasema. Lakini kwa Evstati hakurudi. Walipokutana njiani, alimtazama kama nguzo isiyo na tangazo. Gari lilipohitaji kukaguliwa, alilileta mwenyewe uani, akafungua boneti kwa kamba ya ndani, akakaa kitini, mikono kwenye usukani, mpaka kazi iishe. Mume wangu alifanya kazi mbele ya macho yale, kioo kikiwa kati yao. Pampu moja mezani. Hakushika ya pili tena maisha yake yote, hata walipomsihi. Kisha alifunga boneti na kuigonga mara moja kwa kiganja, na Rangel akarudi nyuma taratibu, akatoka getini bila neno. Miaka ikapita hivyo. Nilikuwa nikitazama kutoka dirishani, nikiona haya kwa ajili ya wote wawili, na jioni Evstati alikuwa akila supu yake ya maharage na kuniambia gari la Rangel liko vizuri.

Moyo ulimsimama masika haya, uani, mkononi ana kifuniko cha alumini.

Naum alitaka tangazo lake, safari hii la kweli, liseme fundi bingwa, fahari ya ukoo. Niliandika jina, miaka, na neno fundi. Alilalamika. Nilimwambia aliyekwisha kujitangaza mwenyewe hahitaji kutangazwa sana.

Rangel ndiye aliyekuja na gari. Sikumwomba, ni kazi yake. Lilikuwa limefutwa mpaka unajiona. Alipewa kikombe cha rakia mlangoni kwetu, akamwaga tone, akasema Mungu amsamehe, na kikombe akakirudisha mezani kikiwa kimejaa. Watu waliona. Magoti yangu hayapandi mlima tena, kwa hiyo alinifungulia mlango wa mbele. Taulo nililompa alilifunga kwenye kioo kwa fundo lake.

Injini ile ilikuwa ikinguruma sawasawa, chini chini. Hilo naweza kulishuhudia. Nimeishi na fundi wa pampu, najua injini inayotaka kuzima inavyosikika. Tulipanda. Penye bomba la mawe, Rangel alikanyaga klachi, akavuta breki ya mkono kwa nguvu, kisha akanyoosha mkono akazungusha ufunguo. Akazima yeye, mahali palepale gari lilipomwaibisha. Mkono nimeuona, ulikuwa karibu na mkoba wangu. Jeneza halikutikisika hata kidogo.

Bendi ikasita, ikanyamaza. Nyuma yetu watu wakaanza kunong'ona, na nilijua wanachonong'ona. Naum akaja mbio dirishani, jasho usoni.

"Limezima? Rangel, limezima?"

Rangel akapandisha kioo.

Akageuka nyuma, kuelekea kule alikolala mume wangu, na akasema maneno yake. Hayakuwa mengi. Kisha akanigeukia mimi, akasema, nami nikamjibu. Baada ya hapo alikaa kidogo na mikono kwenye usukani, kama alivyokuwa akikaa uani kwetu. Akazungusha ufunguo. Injini ilidaka mara ya kwanza, tukapanda mpaka langoni, na hakuna aliyesukuma.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Gari halikuzimika, lilizimwa, na aliyelizima alikuwa na akili zake timamu. Kisanduku alichokitengeneza Evstati Dragolov bado kinafanya kazi. Anayebisha apande mlima ule akalitazame. Marehemu hakumngoja mtu. Naum ameshaniuliza, padri ameniuliza kwa njia yake ya kuzunguka, na dada wa ofisi ya mazishi ameniuliza huku akinishika mkono, nini kilisemwa pale ndani. Tulikuwamo watatu, na mmoja tumemzika. Rangel hasemi. Mimi pia sisemi, wala kwa kuandika, wala nikiulizwa kwa upole, na atakayeniuliza tena mlangoni kwangu nitamfungia mlango.